Kila kitu kimelipiwa, aibu ni juu yako

Wiki iliyopita kona hii haikutoka, na nasikia kuna mshikaji wangu mmoja wa kijiweni pale Soni alishaanza kutangaza kwamba gazeti limenitema na nimechacha vibaya. Kuhusu kuchacha hajakosea, hiyo ni hali yangu ya kudumu. Lakini safari hii bwana nilikuwa nakula raha. Raha yenyewe ya kulala kwenye kitanda chenye mito sita, ufukweni, Unguja, bila kutoa hata senti tano yangu.

Usinitolee macho. Tulia nikupe mkanda mzima.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anafanya kazi Ujerumani. Alikuwa amelipia siku tatu, yeye na mkewe, kwenye hoteli moja ndogo ya kifahari kule pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Jambiani. Jina la hoteli nalihifadhi, utajua kwa nini. Mambo ya kazini yakaingiliana, likizo ikafutwa. Akaomba arudishiwe chapaa zake, akajibiwa kwamba pesa ikishaingia haitoki, ila majina yanaweza kubadilishwa. Ndipo simu yangu ikalia saa tano usiku.

"Mdogo wangu, unaweza kwenda Zanzibar?"

Swali gani hilo? Ni sawasawa na kumuuliza mbuzi kama anaweza kula majani.

"Ni nafasi za watu wawili," akasema. Mimi huku kichwani nilishapanga. Kuna binti mmoja wa Lushoto mjini tulikosana tangu Krismasi, na niliona hapa sasa Mungu amenipa njia ya kuombea msamaha. Sijamaliza kuwaza, kaka akapigilia msumari: "Utakwenda na mama mdogo. Nauli yangu ya kwanza ya kwenda Dar alinipa yeye. Ukienda na mtu mwingine, usinipigie tena simu."

Mama mdogo wake ndiye mama yangu mzazi.

Sasa nikwambie ukweli, maana kona hii hatudanganyani. Sikufurahi sana. Mama yangu nampenda, lakini mama yangu ni mtu wa Vuga. Vuga ile ya kwetu, ya ukungu na migomba, ambako mtu ukikutana naye njiani hupiti mpaka mmeulizana habari za nyumbani, za shambani na za ng'ombe. Analima karoti na kabichi kwenye mteremko ambao wewe wa mjini ukisimama tu utavingirika mpaka Mombo. Bahari aliwahi kuiona mara moja katika maisha yake, kwenye dirisha la hospitali ya Bombo, Tanga, alipokuwa anamuuguza bibi. Hakupata nafasi ya kuteremka. Nikajiuliza, huyu nitamkalisha vipi kwenye viti vya wazungu?

Nilipompa habari aliuliza swali moja tu. "Mwenye nyumba tutamchukulia nini?"

Nikamwambia ni hoteli mama, hakuna kuchukuliana. Akanitazama kama vile nimetukana. Siku ya safari akatokea na kikapu cha mapeasi, maana ilikuwa Februari na mapeasi yalikuwa yameiva. Kikapu kile tumekipakata kwenye Hiace ya kuteremka Mombo, tumekipakata kwenye basi mpaka Dar, tumelala nacho kwa shangazi Buguruni, na asubuhi tukapanda nacho boti. Saa mbili za majini, watu wanatapika, mama ameshika kikapu mikono miwili.

Kituko cha kwanza kilitukuta palepale mjini Unguja. Gari la hoteli lilitupokea bandarini, likakatiza mjini. Mama akauliza, "Hapa panaitwaje baba?"

"Hapa Vuga, mama," dereva akajibu.

"Vuga?" Mama akatoa kichwa dirishani. Akaona majumba makubwa, akaona mahakama, akaona wanafunzi wa chuo kikuu na mabegi yao. "Migomba yao iko wapi?"

Msomaji wangu, kama hukujua basi jua leo: Unguja mjini kuna mtaa unaitwa Vuga. Mama hakukubali kupitwa. Akamwambia dereva kwamba Vuga yenyewe ni ya kwetu, kwenye milima, kwamba palikuwa makao ya wafalme wa Wasambaa, akina Kimweri, ukoo wa Mbegha yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu. Nami nikatia ujiko wangu kidogo wa kidato cha nne, kwamba mzungu Krapf alifika kwetu mwaka 1848, na Burton na Speke wakafika 1857, wote walikwenda kumwona Kimweri ye Nyumbai, ambaye neno lake lilikuwa linasikika mpaka pwani. Dereva akacheka akasema, "Basi mama umekuja kukagua mali yako." Mama akafurahi. Tukapita msitu wa Jozani, akawaona kima punju barabarani, akawasalimia nao.

Hotelini tukapokewa na taulo zilizolowekwa maji baridi na madafu yenye maua. Halafu binti wa mapokezi akatufunga kila mmoja bangili ya plastiki mkononi. "Msivue," akasema kwa tabasamu. "Hii ndiyo inayoonyesha kwamba kila kitu kimelipiwa. Chakula, vinywaji, chai ya saa kumi, kila kitu."

Mama akaigeuza geuza. "Nimetiwa alama kama ng'ombe wa mnada."

Kisha akatoa kikapu. Akauliza mwenye nyumba yuko wapi amkabidhi. Binti akamwita meneja, meneja akaja, akaeleza kwa upole kwamba mwenye hoteli anaishi Ulaya, na utaratibu wa hapa ni kwamba vyakula vya kutoka nje havipokelewi. Kikapu kikasindikizwa chumbani pamoja na mabegi yetu. Mama alikaa kimya mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akasema, "Nimeingia nyumba ya mtu mikono mitupu." Hilo jambo lilimkaa rohoni, utaona.

Sasa hebu nikufumbue macho kidogo kuhusu huu mtindo wa kila kitu ndani, maana nilirudi nikauchimba. Ulianzia kwenye kisiwa kingine kabisa, Mallorca, bahari ya Mediterania huko Hispania. Mwaka 1950, vita vikuu vya pili vimeisha miaka mitano tu nyuma, Mbelgiji mmoja Gérard Blitz alianzisha kambi pale Alcúdia, akaiita Club Méditerranée. Usidhani ni mambo ya mito sita. Walilala kwenye mahema! Unalipa mara moja, unakula, unaogelea, unacheza, husumbuliwi na bili. Watu walikuwa wamechoka na vita na foleni za chakula, wakaona huo ndio uungwana. Baadaye walipoanza kuuziana vinywaji, walilipa kwa shanga walizovaa shingoni, ili mtu asitembee na pochi ufukweni. Kwa hiyo hiyo bangili yetu babu yake ni shanga.

Mtindo ukasambaa dunia nzima. Hapa Unguja uliingia kwa kishindo miaka ya 1990, hasa kule Kiwengwa kwa hoteli za Wataliani. Na kule kule ulikozaliwa ulikuja kuwachosha wenyewe. Mwaka 2020 serikali ya visiwa vile ilitoa amri kwamba kwenye baadhi ya maeneo ya ulevi uliokithiri, kama Magaluf, mgeni wa kila kitu ndani asipewe zaidi ya pombe sita kwa siku, tatu mchana na tatu usiku. Kijiweni kwetu kuna watu wakisikia hivyo watauliza, hizo sita ni za kuanzia?

Turudi kwa mama. Jioni tukaenda kula. Bwana, bufee! Samaki wa aina ambazo sijui hata majina, kamba, wali wa aina nne, nyama ya kuchoma, keki ndogo ndogo kama vifungo vya shati. Mama akatembea kutoka mwanzo wa meza mpaka mwisho mikono nyuma, kama mkaguzi. Akasimama kwenye saladi. Katikati walikuwa wameweka karoti iliyochongwa ikawa ua. Akaichukua, akainusa.

"Hii ya kwetu."

Nikamvuta kanga. "Mama, hilo ni pambo."

"Pambo nini? Nakwambia hii karoti ya kwetu." Akamwita mpishi. Mpishi, kijana mcheshi, akakiri: mboga nyingi zinatoka bara, karoti na kabichi wanaambiwa ni za Lushoto, zinapitia sokoni Dar ndipo zivuke. Mama akataka kujua kilo wananunua bei gani. Mpishi akamnong'oneza. Mama akakaa kwenye kiti kwanza.

Wewe unayekula karoti za dukani huenda hujui kitu kinaitwa lumbesa. Ni gunia linalojazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kilemba juu, kinashonwa kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja, tajiri anaondoka na gunia na nusu. Sheria ya vipimo inakataza, lakini kule shambani jioni inaingia na gari linataka kuondoka, utabishana na nani? Mama usiku ule alihesabu gharama ya kile chumba kwa lumbesa. Alipofika kwenye idadi fulani akaacha, akasema, "Kaka yako ana wazimu."

Nilimdanganya kwamba kulikuwa na punguzo.

Siku ya pili ndipo mambo yalipoanza. Saa kumi na moja alfajiri nimestuka, mama ameshaamka, ametandika kitanda chake, amefagia chumba kwa kanga maana ufagio hakuuona, na amefua taulo za hoteli akazianika kwenye ukuta wa baraza. Binti wa usafi alipokuja hakuwa na kazi. Wakakaa wakaongea, mama akajua kwao, akajua mtoto wake anasoma darasa la ngapi na anasumbuliwa na kifua.

Asubuhi kwenye chai akawa anasalimia kila meza. "Habari za asubuhi? Mmeamkaje?" Wazungu wanashika vikombe hewani, wengine wanajibu "jambo". Nami hapo, msomaji wangu, nimevaa miwani ya jua ya kuazima, natembea pole pole kama mtu mwenye hisa zake pale. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, huku watu hawasalimiani hivyo. Wamekuja kupumzika."

"Kwani salamu inachosha?"

Sikuwa na jibu.

Halafu bahari ikaondoka. Kama hujawahi kufika pwani ile, maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka unadhani yamehama. Wageni walinuna, wakarudi kwenye bwawa. Mama alisimama akashangaa, akauliza imekwenda wapi. Kule mbali kwenye mchanga uliobaki tukaona kina mama wameinama, wengi, na kanga zao za rangi. "Wale wanalima," mama akasema. Mtu wa jembe anajua mgongo wa mtu wa jembe. Kumbe ni kweli, wanalima mwani. Mama akavua viatu, akaenda. Mimi nikabaki na juisi yangu ya ukwaju.

Ikawa kama saa sita. Nimekaa baa ya kando ya bwawa, nimepata mume na mke Wataliani, nawapa stori kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilishawaambia mimi ni mwandishi mashuhuri. Mara nikasikia sauti kwenye kile kigeti cha ufukweni.

"Mama, wauzaji hawaruhusiwi huku ndani."

"Mimi si muuzaji, mimi mgeni wenu."

"Bangili yako iko wapi?"

Bangili alikuwa ameivua. Maji ya chumvi yalimwasha. Nikageuka, nikamwona mama yangu amesimama getini, kanga imelowa, tope mpaka magotini, miguu peku, mkononi ameshika fungu la mwani, na nyuma yake kina mama wawili wa kijijini. Akanyoosha kidole. "Mwanangu yule pale."

Mlinzi, kijana wa umri wangu tu, akapaza sauti. "Bro! Huyu mama unamfahamu?"

Bwawa zima likageuka kunitazama. Wataliani wangu wakanitazama. Nami nikamtazama mama.

Sasa nisikilize vizuri msomaji wangu. Sikusema simfahamu. Mungu ni shahidi, sikusema. Lakini vilevile sikusema namfahamu. Nilikaa kimya. Zilikuwa sekunde tatu, nne hivi. Nimewahi kusubiri matokeo ya kidato cha nne, haikuwa ndefu kama zile sekunde. Halafu nikasimama nikasema, "Ni mama yangu mzazi," lakini wewe mwenyewe unajua, neno kama hilo likichelewa linakuwa limeshaharibika.

Mlinzi akachanganyikiwa. Akaomba radhi, shikamoo mama, nisamehe mama, sikujua. Mama akamwitikia marahaba yake vizuri, akamwambia, "Usijali mwanangu. Wewe umefanya kazi yako. Huyu wangu ndiye sijui alikuwa anafanya kazi gani."

Kisha akawageukia wale kina mama. "Karibuni ndani tule. Wamesema kila kitu kimelipiwa."

Meneja akaletwa tena. Akaeleza, tena kwa upole ule ule, kwamba kilicholipiwa ni cha watu wawili wenye bangili. Wageni wa nje wanaruhusiwa, lakini kuna bei yake. Akaitaja. Wale kina mama wakacheka, mmoja akasema, "Shoga, hiyo bei mwani wa mwezi mzima haufiki." Mama hakugombana na mtu. Alikwenda chumbani, akarudi na kikapu. Akatoka nje ya geti, akakaa nao kwenye kivuli cha mvinje, akawagawia mapeasi. Lile la kwanza kabisa akampelekea mlinzi.

Nilivua miwani nikatoka. Hakuna aliyeniita. Nikakaa pembeni, baada ya muda mama akanirushia peasi moja, dogo kuliko yote.

Hapo mchangani ndipo nilipopata elimu ambayo kwenye brosha ya hoteli haimo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, Paje na Jambiani. Unachimbia vijiti kwenye mchanga maji yakipwa, unafunga kamba, kwenye kamba unafunga vipande vya mwani, unasubiri ukue, unavuna, unaanika. Ukikauka unapungua uzito vibaya sana, na wewe unalipwa kwa kilo ya mkavu. Unasafirishwa nje, unatolewa ute ambao unatiwa kwenye dawa za meno, kwenye aiskrimu, kwenye vipodozi. Wenyewe wakasema siku hizi maji yanachemka, aina ile yenye bei nzuri inakufa, na kila hoteli ikijengwa wanasogezwa kidogo.

"Bei anapanga nani?" mama akauliza.

"Mnunuzi."

"Kama kwetu." Akawaelezea lumbesa. Wakaelewana bila mkalimani, mtu wa milimani na watu wa pwani. Nikawaza peke yangu kwamba kule ndani wageni wanakula aiskrimu na saladi, na huenda waliovitoa shambani wote wako hapa nje chini ya mvinje. Nikaona niyaache mawazo hayo, peasi linatosha.

Mapeasi yalipokwisha, yule mkubwa wao akainuka akajikung'uta. "Sasa twendeni kwangu. Nyinyi wageni wetu." Tukafika nyumbani kwake, nyumba ya mawe ya matumbawe, ua umefagiliwa. Tukala wali wa nazi na mchuzi wa pweza kwenye sinia moja. Pweza aliiva akawa anakatika kwa kidole. Hakuna aliyenitazama mkono kuona kama nina bangili. Mama alikula akashiba, akaomba jinsi ya kumpika pweza, ingawa sijui kule Vuga atamkamata wapi.

Usiku feni inazunguka, taa imezimwa, nikajikaza.

"Mama. Ile ya mchana."

"Ipi?"

"Ya getini."

Akanyamaza kidogo. "Ulinitazama miguu kwanza," akasema. "Nilikuona."

Ningefurahi kama angefoka. Hakufoka. Akasema miguu ile ile ndiyo iliyokuwa inashusha karoti mpaka Soni alfajiri, siku za soko, wakati mimi nasoma sekondari nalalamika viatu vinabana. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi, hana hasira.

"Nisamehe mama."

"Nimeshakusamehe tangu kwenye pweza. Hebu niondolee hii mito, mtu mmoja vichwa sita kwani?"

Nikaitoa mitano nikaiweka chini.

Na sasa sikia hili, maana sitaki uondoke hapa unadhani nimekuja kuisema vibaya hoteli ya watu. Asubuhi ya siku ya tatu nimeamka saa kumi na mbili, mama amelala. Saa moja, amelala. Nikaingiwa na hofu, nikasogea nikasikiliza pumzi. Analala tu. Binti wa usafi akagonga, nikamfanyia ishara ya kimya, akatabasamu akaondoka kwa ncha za vidole. Mama yangu aliamka saa mbili na nusu. Alipoona jua alivyoona aliruka kama mwizi, akauliza ng'ombe wamepewa majani na nani. Nikamwambia mama, hapa hakuna ng'ombe. Akakaa kitandani akacheka mpaka machozi. Toka nipate akili sijawahi kumwona mama amelala jua limetoka, isipokuwa ugonjwa.

Chai akaletewa kwenye baraza. Safari hii alikubali kuandaliwa, hakumnyang'anya mhudumu birika. Alimwuliza tu kwao wapi.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza nini amekipenda kuliko vyote. Nilidhani atasema pweza, au bahari, au ile karoti. Akasema, "Nimelala." Basi. Begi lake lilikuwa zito kidogo, kumbe amekusanya zile sabuni ndogo ndogo za bafuni, za siku zote tatu, kwa ajili ya kikundi chake cha kina mama. Nikataka kumwambia hairuhusiwi. Nikakumbuka getini, nikabeba begi. Halafu, kwani si kila kitu kimelipiwa?

Getini mlinzi alitupigia saluti. Mama akampa elfu tano yake mwenyewe, ya mkunjo wa kanga, akamwambia akanunue soda. Mimi mwandishi mashuhuri sikuwa na kitu cha kutoa.

Kwa hiyo vijana wenzangu, mkibahatika kupata dili kama hiyo, ushauri wangu ni mfupi. Kuleni, hakuna anayehesabu. Salimieni watu, haichoshi. Tokeni nje ya geti walau mara moja, mnunue hata dafu kwa mwanakijiji, maana ile pesa mliyolipa mara moja yeye hajaiona. Na kama kuna mama nyumbani ambaye hajawahi kulala jua likatoka, yule binti anaweza kusubiri. Wangu nilimpigia niliporudi nikamsimulia yote, hata zile sekunde. Amesema atafikiria.

Bangili yangu nimeikata. Ya mama iko Vuga, ameifunga kwenye mpini wa jembe ili watu wasilichanganye na la jirani.

Na siku nyingine mtu akiniuliza kama namfahamu yule mama mwenye tope magotini, nitajibu kabla hajamaliza swali. Kaka, kama unasoma huko Ujerumani, asante. Tukijaliwa uzima tukutane wiki ijayo, kona hii hii. Kwa leo naishia hapa, naenda kumsaidia mama kupalilia kabichi. Ameniambia leo kila kitu kimelipiwa ila jasho.